Vituo Sitini na Kimoja Kabla ya Saa Sita

2 Septemba

Bwana Romkes, mkuu wa ofisi yetu, ameagiza niandike ripoti ya kazi kila Ijumaa. Nitaiandika. Lakini ripoti ya ofisi haipokei hasira wala majivuno, na mimi vyote viwili ninavyo, kwa hiyo nimenunua daftari hili.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi Baraza la Maji la Oosterlee tuna vituo vya pampu sitini na kimoja, na bila hivyo nusu ya watu wa hapa wangeamka na samaki sebuleni. Kila kituo kina kompyuta yake, na kompyuta hiyo haipokei amri ya mtu yeyote isipokuwa seva yetu ya makao makuu. Inaitambua kwa cheti. Na cheti hicho cha seva inakiamini kwa sababu kimetiwa saini na kingine kilicho juu yake, cheti cha mzizi, ambacho nakala yake imewekwa ndani ya kila kituo. Mzizi huo aliutengeneza Harmen Postma, fundi aliyenitangulia, miaka ishirini iliyopita. Leo nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, nikachapa amri moja ya kunionyesha tarehe zake. Unaisha 14 Novemba, saa sita kamili mchana.

Baada ya saa sita hiyo seva yetu itakuwa mgeni kwa vituo vyote. Pampu inayozunguka itaendelea kuzunguka, iliyolala itaendelea kulala, na sisi tutabaki kuzikodolea macho. Tena katikati ya Novemba, mvua zikiwa zimepamba moto.

Dawa ni kutengeneza mzizi mpya na kuuweka katika kila kituo kabla ya siku hiyo. Nilimwambia Romkes. Akatafuna penseli kwanza.

"Wale jamaa wa kampuni ya nje wanaimezea mate kazi hii tangu mwezi wa nne," akasema. "Baraza linapiga kura tarehe 20 Novemba. Ukiweza, Hilke, kazi inabaki humu ndani. Usipoweza, sina mdomo wa kukutetea."

"Nitaweza."

"Umesema haraka sana."

"Kwa sababu najua."

Kaka yangu Wobbe anafuga ng'ombe themanini huko Lage Meent, polda, yaani ardhi iliyokaushwa kutoka majini, iliyo chini kuliko zote. Nitaandika hapa geji ya kwake kila nikikumbuka: ni sentimita ngapi zimebaki kati ya maji ya mfereji na ukingo wa malisho yake. Leo ni 48.

5 Septemba

Mvua. 48.

9 Septemba

Siri ya mzizi mpya, yaani faili la kutilia saini vyeti vingine, itahifadhiwa ndani ya sanduku la chuma la Baraza, lile lenye kufuli tatu. Ni la enzi za hati za matuta ya kuzuia maji, zenye mihuri ya nta, na desturi yake haijabadilika: watu watatu, funguo tatu, mmoja akikosekana halifunguki. Ufunguo wa kwanza anao Mkuu wa Matuta. Wa pili anao mwakilishi wa wakulima. Wa tatu ni wa fundi. Fundi ni mimi, mwaka wa tatu huu, na ufunguo bado anao Harmen.

Nilimkuta bustanini akipalilia vitunguu.

"Mzee Harmen, nimefuata ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Unaujua."

Akaendelea na jembe lake. "Kumbe wewe ndiye yule binti wa kubonyezabonyeza."

"Mimi ndiye fundi."

"Haya, fundi. Siku ya kulifungua sanduku nitauleta mwenyewe, na nitarudi nao mwenyewe."

Sikupewa hata kahawa. Niliendesha baiskeli mpaka nyumbani nikimtukana moyoni, upepo nao ukinipiga usoni kama wametumana.

12 Septemba

Nimetengeneza mzizi wa majaribio, wa kufanyia mazoezi tu, nikauweka kwenye kijiti cha kuhifadhia mafaili. Nimeupa jina lile lile utakalopewa ule wa kweli, ili mazoezi yafanane na kazi. 47.

15 Septemba

Nimetimiza thelathini na minne. Nimepeleka keki ofisini mwenyewe kama kila mtu hapa. Nimepongezwa, na mama naye kapongezwa kwa simu kwa kunizaa.

19 Septemba

Leo mzizi mpya umezaliwa, na mimi ndiye mkunga.

Tulikuwa watano katika chumba cha mikutano cha juu. Bi Alida Roorda, Mkuu wa Matuta, alikaa kichwani mwa meza na sweta lake la kijivu. Kulikuwa na Romkes, na Lubbert Kooi, mkulima wa viazi, anayewakilisha wakulima. Harmen alivuta uzi kutoka ndani ya shati lake, na mwishoni mwa uzi ukatokea ufunguo. Anauvaa shingoni. Sijui kama huoga nao.

Kompyuta niliyotumia haijawahi kuunganishwa na mtandao hata dakika moja. Nilichapa amri, kila moja nikaisoma kwa sauti kabla ya kuibonyeza, na Romkes akaweka alama kwenye karatasi. Mzizi ulipotoka, niliuomba alama yake ya kidole. Cheti nacho kina alama ya kidole: ni herufi na tarakimu sitini na nne, na hakuna vyeti viwili vinavyofanana kwa hizo. Bi Alida alizisoma moja moja, Lubbert akazihakiki kwenye karatasi iliyochapwa.

"Sita, F, tisa, nne, B," alisoma Bi Alida.

"Pole pole, mama," akasema Lubbert. "Hivi si viazi."

Ilichukua dakika ishirini. Mzizi ukatia saini cheti kipya cha seva, kisha kijiti chenye siri kikaingia sandukuni, kufuli tatu zikalia, mzizi wenyewe nikabaki na nakala zake za kupeleka vituoni. Nilihisi nimekuwa mrefu kidogo.

Mlangoni Harmen aliniuliza, "Vituo vya zamani umevitembelea?"

"Sina haja ya kuvitembelea. Vyote navifikia nikiwa kwenye kiti changu."

Akanitazama. "Haya," akasema, akarudisha ufunguo ndani ya shati.

26 Septemba

Skripti, ile programu fupi ya kupeleka mzizi mpya vituoni, imekamilika, na nitaisifu kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Inachukua orodha ya vituo. Inaingia kituo kimoja, inaweka kando nakala ya akiba ya ghala la vyeti, inapeleka mzizi mpya na kupima alama yake ya kidole. Alama ikitofautiana hata kwa herufi moja, inasimama na kunipigia kelele. Ikifanana, inauweka mzizi ghalani, inaendesha amri ya kulipanga upya, halafu inaiuliza kompyuta: je, umo? Jibu likija, inaandika SAWA na kwenda kituo kinachofuata. Mzizi wa zamani haiugusi. Mistari mia moja na arobaini, na hakuna hata mmoja wa mapambo.

1 Oktoba

Vituo kumi. SAWA kumi. 44.

3 Oktoba

Mvua kutwa.

6 Oktoba

Sitini na kimoja. Safu nzima ya SAWA kutoka juu ya kioo cha kompyuta hadi chini, kama mstari wa wanajeshi. Niliipiga picha.

Nilinunua keki ya tufaha kubwa kuliko zote dukani. Romkes alikula vipande viwili na kuandika kwenye jarida la ofisi kwamba kazi ya mizizi imekwisha wiki tano kabla ya siku yake. Jioni Wobbe akapiga simu.

"Dada, nimesikia pampu yangu imepata cheti."

"Imepata."

"Basi imekuzidi. Wewe chuo ulimaliza kwa kusukumwa."

"Kamua ng'ombe zako."

7 Oktoba

Mabaki ya keki. 41.

13 Oktoba

Nilisherehekea mapema.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, jaribio la mwisho, la kukamilisha makaratasi. Nilikwenda Noorderkolk, mojawapo ya vituo vya zamani, kwa kuwa kiko kilomita mbili tu kutoka ofisini. Nilikitenga na mtandao, nikasogeza saa yake mbele hadi 15 Novemba, nikaunganisha kompyuta yangu ijifanye seva, yenye cheti kilichotiwa saini na mzizi mpya. Nikatuma amri nyepesi kabisa: niambie kina cha maji.

Kituo kikanijibu: simjui anayeuliza.

Nikadhani nimekosea kuandika. Nikarudia. Simjui. Nikaliuliza ghala la vyeti la kompyuta: mzizi mpya umo? Umo. Alama yake ya kidole? Sita, F, tisa, nne, B, yote hadi mwisho, ile ile. Nikatuma amri tena. Simjui. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa saa nzima, nikijaribu hili na lile, na kila mara kile kioo kikanijibu kwa adabu ile ile.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Skripti yangu iliiuliza kompyuta kama mzizi umo, kompyuta ikajibu umo, na ilikuwa kweli. Programu inayoendesha pampu hakuna aliyeiuliza. Nimekula keki kwa ushahidi wa jirani.

Nilirudi ofisini nikiwaza namna ya kunyamaza wiki moja hadi nipate dawa. Niliwaza hivyo njia nzima, na ninaliandika hapa ili nilione. Halafu nikamkuta Romkes kwenye mashine ya kahawa, nikamwambia yote.

Alijaza kikombe chake. "Na keki imeshaliwa," akasema.

"Imeliwa."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe. Na sasa nakwenda kumwambia Bi Alida, kabla jarida lako halijamfikia."

Sikujivunia kazi leo. Lakini kuzipanda zile ngazi, hilo najivunia.

16 Oktoba

Nilirudi Noorderkolk na mkate wangu wa jibini, nikaapa sitatoka bila jibu. Karibu na mlango, kwenye msumari, kunaning'inia daftari lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Kila kituo kinalo. Ni desturi ya Baraza tangu pampu zilipokuwa za mvuke: anayegusa chochote anaandika. Mimi sijawahi kuandika hata neno. Mwandiko wangu umo kwenye seva, nilikuwa nikisema, na yale madaftari ni ya wazee wenye mikono ya grisi.

Nililifungua kwa sababu nilikuwa natafuna na sikuwa na la kutazama. Kulikuwa na mtu aliyetoa bata kwenye wavu wa kuzuia takataka mbele ya pampu. Kulikuwa na mtu aliyebadilisha taa. Na kwenye ukurasa wa miaka kumi na moja iliyopita, kwa herufi zilizosimama wima:

"Nimeweka programu mpya ya pampu. Haisomi ghala la vyeti la kompyuta. Ina ghala lake yenyewe ndani ya folda yake, na hulisoma inapowaka tu. Haiwaki mpaka mtu asimame hapa na kugeuza swichi ya mkono, ili pampu isije ikaruka na kumkata mtu aliye kwenye wavu. Atakayebadilisha mzizi abadilishe pote pawili, na aje kwa miguu yake. H.P."

Nilisoma mara tatu. Aliniachia barua miaka minane kabla sijaajiriwa, nami nimepita mbele yake na kompyuta yangu begani.

Kuuliza programu gani iko wapi, hilo skripti inaweza. Jibu: vituo ishirini na vitatu vina programu ile. Siku zilizobaki ni ishirini na tisa. 38.

20 Oktoba

Nilikwenda kwa Harmen. Sikuenda na keki.

"Umekuja kwa ufunguo?" akauliza.

"Nimekuja kukuambia nimekosea. Nimesoma daftari la Noorderkolk."

Akaweka jembe chini. "Na umeandika?"

"Bado."

"Umelisoma, hukuandika."

"Mzee Harmen, kwa nini hukuniambia? Ulijua tangu siku ya sanduku."

"Nilikuuliza kama umevitembelea. Ukanijibu una kiti."

Alinawa mikono kwenye ndoo, pole pole, kidole kwa kidole, na mimi nikasimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Vingapi?" akauliza.

"Ishirini na vitatu."

"Una gari la ofisi?"

"Ninalo."

"Nitakaa kiti cha mbele. Nyuma kunanichefua."

Safari hii nilipewa kahawa.

24 Oktoba

Vituo vinne. Skripti ya pili inafanya hivi: mimi nageuza swichi, yenyewe inasimamisha programu, inatunza nakala ya akiba, inapima alama ya kidole, inaweka mzizi katika ghala la pili, inaiwasha programu nikigeuza tena swichi, halafu inaiuliza pampu yenyewe. Safari hii pampu yenyewe. Harmen anashika karatasi yenye zile herufi sitini na nne na kunisomea, ingawa kompyuta imeshapima.

"Imeshapima, mzee."

"Na mimi napima."

Mwisho naandika daftarini. Mwandiko wangu ni mbaya. Ameniambia.

28 Oktoba

Vituo tisa. Harmen anakula supu ya njegere kutoka kwenye chupa ya themosi na hanipi. 33.

30 Oktoba

Kumi na kimoja. Leo alinipa supu.

2 Novemba

Kumi na vitano. Njiani alinieleza jinsi alivyotengeneza ule mzizi wa kwanza, peke yake, akiwa na kitabu cha kuazima. Walimcheka: pampu inahitaji grisi, cheti cha nini? Mwaka uliofuata mtu mmoja wa mbali alijaribu kuamrisha pampu zetu kupitia mtandao, kwa utundu tu, na pampu zikamkatalia. Hakuna aliyemshukuru Harmen, kwa sababu hakuna kilichotokea.

"Kazi yetu ikienda vizuri haina habari," akasema.

Alisema "yetu." Nilishika usukani kama sikusikia. 27.

5 Novemba

Mvua, upepo, mvua. 24.

8 Novemba

Kumi na tisa. Wananchi wanaojitolea kulinda matuta wameitwa. Jirani yangu wa ghorofa ya chini kapita na koti la njano na tochi, ana furaha kama anakwenda harusini. 20.

11 Novemba

Ishirini na viwili. Nilianguka katika mfereji wa kituo cha ishirini na mbili hadi kiunoni, na kijiti changu cha mafaili kikaanguka nami. Kimekufa. Harmen alicheka hadi akakaa chini kwenye majani yenye maji, akalowa na yeye. Kimebaki kituo kimoja, Lage Meent. Nilikiacha mwisho kwa sababu pampu yake inafanya kazi bila kupumzika na nilitaka maji yashuke kwanza. Hayajashuka. 14.

13 Novemba

Geji: 9.

Tulifika Lage Meent saa nane mchana. Wobbe alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo na buti zake, mikono mfukoni.

"Dada, niambie tena unachotaka kufanya."

"Nitaizima pampu dakika tano, niwashe tena."

"Mara ya mwisho uliniambia dakika tano ulikaa bafuni asubuhi nzima. Hiyo pampu isipowaka, nahamia kwako na ng'ombe themanini. Na wewe unakaa ghorofa ya tatu."

Alikuwa anatania, lakini uso haukuwa wa utani. Nyuma yake maji yalikuwa yamefika kwenye nguzo za uzio. Nikimwacha bila kuigusa pampu, kesho saa sita itaacha kutusikia. Itaendelea kuvuta hadi mfereji ukauke na ijiunguze, au itakatika na umeme usiku na isiwe na wa kuiamsha. Nikiigusa, huenda isiwake. Nilimtazama Harmen.

"Usinitazame mimi," akasema. "Ufundi ni wako."

Nikageuza swichi. Kelele ya pampu ikafa, na ghafla tukasikia mvua. Nikachomeka kijiti cha akiba, kile nilichokikuta mfukoni mwa koti la zamani, nikaendesha skripti. Programu ikasimama. Nakala ya akiba ikatunzwa. Halafu kwenye kioo:

ALAMA HAIFANANI. NIMESIMAMA.

Harmen akainua karatasi yake, akasoma kioo, akasoma karatasi. "Huo si mzizi wetu," akasema.

Ndiyo, haukuwa wetu. Ulikuwa ule wa majaribio wa mwezi wa tisa, niliouita kwa jina lile lile kwa werevu wangu. Ningekuwa nafanya kwa mkono, ningeuweka pampuni bila kujua, na kesho saa sita kaka yangu angekuwa na ziwa. Skripti yangu ilinikatalia mimi mwenyewe niliyeiandika. Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa hapana.

"Dada," Wobbe aliita kutoka mlangoni, "geji imefika nane na nusu."

Wa kweli ulikuwa ofisini, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Nikafunga macho. Kisha nikakumbuka: wa kweli ulikuwa humu humu. Nilikwisha kuuleta mwenyewe tarehe 6 Oktoba, nikiwa kitini, wakati wa ile safu ya SAWA niliyoipiga picha. Ulikuwa umekaa katika ghala la kompyuta, hauna kazi, unangoja. Nikaunakili kutoka hapo. Nikauomba alama yake.

"Soma, mzee."

"Sita. F. Tisa. Nne. B."

Alisoma zote sitini na nne na sikumharakisha, maji yakipanda. Zilifanana. Nikaendesha skripti tena. Nikageuza swichi, programu ikawaka, sakafu ikatikisika, na pampu ikanguruma. Nikaiuliza yenyewe: unamjua mwenye cheti kipya? Namjua.

Dakika kumi na moja. Geji ilifika nane, ikasimama pale, na baada ya nusu saa ikarudi tisa. Wobbe alikwenda akaleta maziwa ya moto kwenye vikombe vitatu, na changu kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Nimeandika daftarini yote, pamoja na kosa la kijiti.

14 Novemba

Saa nne asubuhi nilibadilisha cheti cha seva. Ni amri moja na kubonyeza mara moja. Vituo vyote vikakiona kipya papo hapo. Sitini na kimoja vikajibu. Romkes alivuta kiti akakaa nyuma yangu, Bi Alida akashuka kutoka juu na kusimama, na hakuna aliyezungumza kuhusu keki.

Saa sita kasoro dakika moja. Saa sita. Saa sita na dakika moja. Mzizi wa Harmen ulikuwa umekwisha, na kwenye kioo hakuna kilichobadilika hata rangi. Niliamuru pampu ya Lage Meent ipunguze kasi, ikapunguza. Nikaiamuru iongeze, ikaongeza.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza Romkes.

"Ndiyo hivyo tu."

Nina fahari ambayo sijui niiweke wapi. Watu laki moja wamekula chakula cha mchana na hawajui kitu. Nilimpigia Harmen.

"Hakuna kilichotokea," nikamwambia.

"Vizuri," akasema, akakata.

20 Novemba

Kura: kumi na tisa kwa mbili, kazi inabaki humu ndani. Lubbert Kooi aliwaambia wajumbe kwamba sisi tunajua kusoma herufi sitini na nne bila msaada wa kampuni. 31.

22 Novemba

Nimeanza kuzungukia vile vituo thelathini na vinane vingine, vile nilivyovimaliza nikiwa kitini. Havihitaji chochote. Nakwenda kuandika madaftarini.

29 Novemba

Cha mwisho kilikuwa Westerzijl. Jua lilitoka, la kwanza baada ya wiki tatu, na Harmen alikuja nami bila kualikwa. Niliandika nimesimama, daftari juu ya goti:

"Mzizi mpya umewekwa. Unaisha baada ya miaka ishirini, 19 Septemba, saa sita. Hapa ghala ni moja tu. Kwenye vituo ishirini na vitatu ni mawili. Soma daftari la kila kimoja kabla ya kuamini orodha. Usiite mzizi wa majaribio kwa jina la ule wa kweli. H.B."

Nilimpa asome. Alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akanirudishia na kuweka kidole chake kwenye mstari wa kwanza.

"Saa sita ya mchana au ya usiku?"

Nikaongeza: ya mchana.

Alisoma tena. Ndipo akainamisha kichwa, akavua ule uzi wa ufunguo shingoni, akautundika kwenye shingo yangu juu ya koti, kama mtu anayemfungia mtoto skafu.

"Twende," akasema. "Nina njaa."

Geji ya Lage Meent: 45. Wobbe anasema tangu nimeingia kwake nimeushika ufunguo huu mara kumi. Nimeushika mara kumi na mbili.